Kura Zile Zile, Bunge Lingine: Somo kutoka Lesotho

Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo huonekana kuwa la wataalamu tu, nalo ni kanuni ya kuhesabu kura. Watu wengi hudhani ya kwamba mtu akishatumbukiza karatasi yake sandukuni, yaliyobaki ni kazi ya kujumlisha, na ya kwamba hesabu ni hesabu, haina upande. Lakini kura zile zile, za watu wale wale, zikihesabiwa kwa kanuni mbili mbalimbali, zaweza kuzaa Mabunge mawili yasiyofanana hata kidogo. Kwa hiyo mtu akisema, "Tubadili kanuni ya uchaguzi," na mwenzake akajibu, "Tuiache kama ilivyo," hapana kati yao asemaye jambo dogo. Yafaa kila jamaa yenye wapiga kura nyumbani ilielewe shauri hili kabla ya kuchukua upande.

Kanuni tuliyoizoea sisi ni ile tuliyoirithi kwa Waingereza. Nchi hugawanywa majimbo. Kila jimbo humchagua mbunge mmoja. Na mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata kama hakufikia nusu. Tuseme jimbo moja lina wapiga kura 10,000 na wagombea watatu. Wa kwanza apata kura 4,000, wa pili 3,500, wa tatu 2,500. Wa kwanza aenda Bungeni, na wale 6,000 ambao hawakumtaka hawana mtu. Katika jimbo moja hilo halina dawa, maana kiti kimoja hakikaliwi na watu wawili. Shida huja pale ambapo mambo yale yale yatokea katika majimbo yote ya nchi, tena kwa faida ya chama kimoja.

Tusidhani ya kwamba hayo ni mambo ya mbali. Hapa kwetu Tanzania, katika uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1995, ule wa kwanza baada ya kurudishwa vyama vingi, CCM ilipata kura asilimia 59 hivi, nayo ikapewa majimbo 186 kati ya 232. NCCR-Mageuzi, iliyopata kura karibu asilimia 22, ilipewa majimbo 16 tu. Na CUF, iliyopata asilimia 5 ya kura zote, ilipata majimbo 24! Msomaji asirudie kusoma akidhani mpiga chapa amekosea. Wafuasi wa CUF walikaa pamoja, hasa katika kisiwa cha Pemba, tena majimbo ya Visiwani yana watu wachache. Wafuasi wa NCCR walitawanyika nchi nzima, wakawa wa pili karibu kila mahali. Na katika kanuni hii kuwa wa pili kila mahali ni sawa na kutokuwapo.

Sasa, ili tuione kanuni hiyo ilipofikia mwisho wake, na jinsi nchi moja ya Kiafrika ilivyojaribu kuitengeneza, twende Lesotho. Ni ufalme mdogo wa milima, wenye watu milioni mbili hivi, uliozungukwa pande zote na Afrika Kusini. Ni mwenzetu katika jumuiya ya SADC. Ilipata uhuru wake tarehe 4 Oktoba 1966, ikiwa na kanuni ile ile ya Kiingereza kama sisi.

Tangu mwanzo kanuni hiyo iliwapa Wasotho matokeo ya ajabu. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 chama cha BNP kilipata kura asilimia 42 hivi, na BCP asilimia 40 hivi. Lakini BNP ilipata viti 31 kati ya 60, ikaunda serikali peke yake. (Kiongozi wake, Leabua Jonathan, alishindwa katika jimbo lake mwenyewe, ikabidi aingie Bungeni kwa uchaguzi mdogo.) Mwaka 1970, kura zilipoonyesha ya kuwa BCP inashinda, Jonathan huyo alifuta uchaguzi na kuisimamisha Katiba. Tuseme wazi, maana sisi tusomao gazeti hili ni Wakatoliki, ya kwamba BNP kilikuwa chama kilichopendwa na Wakatoliki wengi wa nchi ile. Jambo hilo halikuufanya uovu ule kuwa mwema. Basi Wasotho wakakaa miaka 23 bila uchaguzi wa haki, kwanza chini ya Jonathan, kisha chini ya wanajeshi waliompindua mwaka 1986.

Kura ziliporudi mwaka 1993, kiu ya miaka mingi ilimwagika yote upande mmoja. BCP ya mzee Ntsu Mokhehle ilipata kura karibu asilimia 75, nayo ikachukua viti vyote 65. Wale waliokipa kura BNP, zaidi ya mmoja katika kila watano, hawakupata hata mbunge mmoja wa kusimama na kusema, "Sivyo." Mwaka 1997 Mokhehle aligombana na wenzake chamani, akatoka na wabunge wengi, akaunda chama kipya cha LCD, siku ile ile chama ambacho hakikuwahi kupigiwa kura kikawa serikali. Halafu ukaja uchaguzi wa Mei 1998. LCD, sasa ikiongozwa na Pakalitha Mosisili, ilipata kura asilimia 61 hivi, na viti 79 kati ya 80. BNP, yenye karibu robo ya kura, ilipata kiti kimoja. BCP, yenye mtu mmoja katika kila kumi, haikupata kitu.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Walioshindwa walisema kura zimeibwa, wakakusanyika mbele ya lango la Mfalme mjini Maseru wiki nyingi. Tume iliyoongozwa na Jaji Pius Langa wa Afrika Kusini ilichunguza, ikaona makosa katika kazi ya uchaguzi, lakini haikuweza kuthibitisha ya kwamba uchaguzi wote ulikuwa batili. Huenda kweli kura hazikuibwa. Lakini mtu aliyepiga kura pamoja na robo ya taifa, kisha akaona kiti kimoja kati ya 80, utamwambiaje ya kwamba hakuibiwa? Tarehe 22 Septemba 1998 majeshi ya Afrika Kusini, na baadaye ya Botswana, yaliingia kwa jina la SADC. Makumi ya watu waliuawa. Maduka ya Maseru yaliporwa na kuchomwa, na mtaa mkuu wa mji ukawa majivu.

Baada ya msiba huo kiliundwa chombo cha mapatano chenye wajumbe 24, wawili wawili kutoka vyama 12. Angalia jambo hili, msomaji: chama kilichokuwa na Bunge karibu lote, na chama kisichokuwa na mbunge hata mmoja, kila kimoja kilileta wawili. Walibishana kwa miaka, maana wenye majimbo hawakutaka kupunguziwa. Mwisho walipatana ya kwamba majimbo 80 yabaki, na viti vingine 40 viongezwe, viitwavyo viti vya fidia.

Fidia hiyo ilikuwaje? Kila mpiga kura alipewa karatasi mbili, moja ya kumchagua mbunge wa jimbo lake, ya pili ya kuchagua chama. Kura za karatasi ya pili zilijumlishwa kwa nchi nzima, ndipo ilipojulikana kila chama kimestahili viti vingapi katika 120. Kisha ilitazamwa kimekwisha kupata majimbo mangapi. Kilichopungukiwa kiliongezewa kutoka katika vile 40, kwa kufuata orodha ya majina yake. Kilichokwisha kupata haki yake, au zaidi, hakikuongezewa kitu. Ni kama mama agawaye chakula. Akiona mtoto mkubwa amekwisha kujipakulia sahani tele, kilichobaki chunguni huwapa wadogo.

Uchaguzi wa kwanza kwa kanuni hiyo ulikuwa wa Mei 2002. LCD ilipata kura karibu asilimia 55 na majimbo 77. Haikupata kiti cha fidia hata kimoja. BNP haikushinda jimbo lolote, lakini kwa kura zake asilimia 22 hivi ilipata viti 21. Vyama kumi viliingia Bungeni. Bado LCD ilikuwa na zaidi ya haki yake, maana viti 40 havikutosha kufidia upungufu wote. Hata hivyo wapinzani waliokuwa barabarani mwaka 1998 sasa walikuwa na mahali pa kukaa na kusema. Mji haukuwaka.

Kama habari ingeishia hapo, tungesema, "Tufanye vivyo hivyo kesho." Lakini haikuishia hapo, na sehemu ifuatayo ndiyo tunayotaka wasomaji waishike zaidi.

Mwaka 2006 waziri mmoja, Thomas Thabane, alitoka LCD na kuunda chama cha ABC. Uchaguzi ukaitishwa upesi, Februari 2007. Wakuu wa LCD walikuwa wameisoma kanuni vizuri. Walijua ya kwamba watashinda majimbo mengi, na kwa hiyo kura za karatasi ya pili hazitawaletea kitu. Basi hawakuweka orodha yao ya chama. Walipatana na chama kidogo kiitwacho NIP, wakawaambia wafuasi wao: karatasi ya kwanza mpeni mtu wetu, ya pili wapeni NIP. ABC nayo ikafanya hivyo hivyo pamoja na chama cha LWP. Mtoto mkubwa, akiisha kula sahani yake, akaleta sahani ya pili na kusema, "Hii ni ya mgeni wangu, hajala kabisa."

Na mama alitakiwa na sheria aijaze. LCD ilipata majimbo 61. NIP, ambayo mwaka 2002 ilikuwa na viti 5, ilipata 21 katika vile 40 vya fidia, kwa kuwa kwa hesabu ya sheria ilikuwa chama chenye kura asilimia 52 hivi na bila jimbo hata moja. Pamoja walikuwa na viti 82 kati ya 120. Kama wangehesabiwa kuwa kitu kimoja, kama walivyokuwa kwa kweli, kura zile zingewastahilisha viti 62 hivi. ABC ilipata majimbo 17, na rafiki zake LWP viti 10. Vyama vidogo ambavyo fidia ilitungwa kwa ajili yao vilibaki na makombo; BNP ilishuka hadi viti 3. ABC ililalamika sana juu ya LCD, nasi twakiri ya kwamba lalamiko hilo latuchekesha kidogo, kwa kuwa mwizi wa kuku mmoja hana sauti kubwa mbele ya mwizi wa kuku watatu, lakini hata hivyo ni mwizi.

Ugomvi huo ulidumu miaka minne. SADC ilimtuma Sir Ketumile Masire, aliyekuwa Rais wa Botswana, akaondoka mwaka 2009 bila mapatano. Kisha viongozi wa makanisa ya Lesotho, Wakatoliki wakiwamo, walishika kazi ya kuwakalisha wenye ugomvi pamoja. Mwaka 2011 ikapitishwa sheria mpya ya uchaguzi, na dawa yake ilikuwa nyepesi ajabu: karatasi moja badala ya mbili. Ukimchagua mgombea wa jimbo, kura yako yahesabiwa pia kuwa ya chama chake. Sahani ya mgeni haikuwezekana tena. (Ujerumani Magharibi, walioianzisha kanuni ya namna hii, walianza na karatasi ya kura moja mwaka 1949 wakahamia kura mbili mwaka 1953, Wasotho wamekwenda njia hiyo kinyumenyume.) Dawa hii nayo ina uchungu wake. Mtu ampendaye mgombea lakini hakitaki chama chake hana tena njia ya kugawa kura, na ampigiaye mgombea binafsi hana neno katika viti vya fidia.

Mwaka 2012 hapana chama kilichopata nusu ya viti. Mosisili, ambaye sasa alikuwa na chama kingine kipya, DC, aliongoza kwa viti 48. Lakini ABC yenye 30, LCD yenye 26 na BNP yenye 5 walijumlisha 61, wakaunda serikali ya mseto. Mosisili, baada ya miaka 14 madarakani, aliondoka kwa amani, na Thabane akaapishwa. Kwa nchi yenye historia tuliyoieleza, hilo halikuwa jambo dogo.

Hapa wapinzani wa kanuni hii wana haki ya kusema, nasi tusiwazibe midomo. Serikali ile ya viti 61 haikudumu. Wenzi waligombana, Agosti 2014 jeshi lilijaribu kuiangusha, na Thabane akakimbilia Afrika Kusini. Uchaguzi wa Februari 2015 ulileta mseto wa vyama saba. Nao ukavunjika, uchaguzi ukaitishwa tena Juni 2017. Chaguzi tatu katika miaka mitano! Mwananchi mwenye shamba kavu na mtoto anayedaiwa karo ana sababu ya kuuliza ni nani anayetawala, na ni nani wa kulaumiwa. Katika kanuni ya zamani jibu lilikuwa rahisi: wametawala hawa, wamekosea hawa, tuwaondoe hawa. Katika mseto wa vyama saba kila mmoja humnyoshea mwenzake kidole. Tena viti vya fidia hukaliwa na watu waliopangwa katika orodha na wakuu wa chama, ambao hawana jimbo wala mwananchi awezaye kugonga mlango wao na kusema, "Wewe ni mbunge wangu, daraja letu limekatika."

Hoja hizo zina uzito. Lakini lile neno lisemwalo mara nyingi, ya kwamba kanuni mpya ndiyo iliyowavunja Wasotho katika vyama vingi, halisimami likipimwa. Mokhehle aliivunja BCP mwaka 1997, chini ya kanuni ya zamani. LCD ilivunjika mwaka 2001, kabla watu hawajaipigia kura kanuni mpya hata mara moja. Ikavunjika tena mwaka 2006, na tena 2012. Kila mara sababu ilikuwa kugombea uongozi. Kanuni mpya iliwarahisishia waliotoka kupata mahali Bungeni, hilo twakubali. Lakini haikuwafundisha kutoka. Na machafuko ya mwaka 2014 yalitoka katika kambi za jeshi na ndani ya Baraza la Mawaziri, wala hayakutoka kwa wananchi walionyimwa wawakilishi.

Hukumu yetu basi ni hii. Lesotho ilifanya vema kubadili, kwa kuwa kanuni iwapayo robo ya taifa kiti kimoja kati ya 80 haiwezi kuleta utulivu, hata ikihesabiwa na malaika. Faida yake kubwa, serikali imara, ndiyo hiyo iliyoungua pamoja na maduka ya Maseru. Serikali dhaifu inayobishana Bungeni ni hasara. Nayo ni hasara ndogo kuliko ile. Hata hivyo kosa la mwaka 2001 lilikuwa kudhani ya kwamba wenye nguvu wataitii nia ya sheria pale maneno yake yanapowaachia mlango. Nchi itakayotaka kuiga isianze na hesabu ya 2002. Ianze na ile ya 2007.

Kuna tena shauri la nani mwenye haki ya kubadili. Lesotho walipatana wakuu wa vyama, kwa kuwa nyumba ilikuwa ikiungua. Nyuzilandi walikwenda taratibu zaidi. Huko, mwaka 1978 na tena 1981, chama cha upinzani kilipata kura nyingi kuliko chama tawala lakini viti vichache. Tume ikaundwa, ikatoa taarifa yake mwaka 1986. Wananchi wakaulizwa mwaka 1992 na tena 1993, na asilimia 54 hivi wakakubali kanuni ya mchanganyiko, iliyoanza kutumika mwaka 1996. Mwaka 2011 wakaulizwa tena kama wanaijutia, na asilimia 58 hivi wakajibu ya kwamba ibaki. Uingereza, mama wa kanuni ya zamani, waliulizwa mwaka huo huo juu ya badiliko la namna nyingine, dogo zaidi, wakalikataa kwa asilimia 68 hivi. Watu wa nchi hizo mbili walijibu mbalimbali, lakini wote waliulizwa.

Mwisho, neno kwa wale watakaotuambia ya kwamba sisi Tanzania tumekwisha kuwa na fidia, yaani viti maalumu vya wanawake vigawiwavyo vyama kwa kadiri ya kura zao. Viti hivyo vimeleta wanawake wengi Bungeni, na hilo ni jema. Lakini havifidii kitu, kwa maana tuliyoieleza. Havitazami ni nani aliyekwisha kushiba majimbo; huongezwa juu ya majimbo, na chama kilichopata kura nyingi hupata pia viti maalumu vingi. Mtoto mkubwa hujipakulia, kisha mama humwongezea. Mtu akija kutushauri kuongeza viti vingine, kwa jina lolote lile, swali la kwanza la kumwuliza ni kama vitagawiwa kwa kutazama sahani zilizokwisha kujaa, na la pili ni kama mwenye sahani iliyojaa ataruhusiwa kuja na mgeni.